Joto Lipasualo: Hesabu Mbili za Wahandisi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Ngara na Biharamulo

Walio mbali na redio wasogee, na kila mwenye karatasi hii aifungue mbele yake, kwa maana maneno ninayoyasema ndiyo yaliyopigwa chapa humo. Sauti yangu ikikuacha nyuma, usihuzunike. Kesho utayasoma polepole kwa kidole, na karatasi haitakukimbia.

Leo twazungumza juu ya joto, na jinsi joto linavyoweza kupasua kitu kigumu kama tofali, zege au chuma. Kisha tutaona jinsi wahandisi wanavyoipigia hesabu hatari hiyo kwa kompyuta, na kwa nini wana njia mbili za kuipiga, na tena kwa nini mwenye kuchagua vibaya aweza kuwaponza watu wengine. Najua kuna mtu amekwisha kuguna: "Bwana Afisa, sisi twajifunza kuandika barua na kusoma risiti. Hesabu za wahandisi za nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Jambo lenyewe unalo nyuma ya nyumba yako, pale ulipochoma matofali.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiangalia ujenzi wa chumba cha darasa katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Matofali yalichomwa vizuri, tanuru likazibwa kwa udongo, na mafundi wakaniambia tungoje juma zima ndipo tulibomoe. Mimi nilikuwa na tarehe ya kufungua darasa kichwani. Nikawahimiza, na wao kwa kuniheshimu wakakubali. Siku ya tatu jioni tukalifungua, na usiku ule ukavuma upepo wa baridi wa milimani, pamoja na manyunyu. Nilikuwa nimekaa kwa mzee fundi, tukiota moto, ndipo tukasikia mlio kutoka kule tanuruni: ta! Kisha kimya. Kisha tena: ta! ta! Yalikuwa matofali yakipasuka. Asubuhi yule mzee aliokota moja lililogawanyika vipande viwili, akanipa mkononi, akasema, "Mwalimu, nje lilikuwa limekwisha kulala, ndani bado li macho."

Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo, hata chuoni nilikosoma. Kitu kikipata joto hutanuka. Kikipoa husinyaa. Tofali likipoa polepole, nje na ndani husinyaa pamoja, wala hapana ugomvi. Bali likipigwa na baridi ghafula, ngozi ya nje husinyaa upesi huku moyo wa ndani ungali moto na umetanuka. Ngozi yataka kujibana, moyo wakataa. Basi ngozi huvutika kama shati dogo lililovaliwa na mtu mnene, na mwishowe hufumuka. Ule mvutano uliomo ndani ya kitu, ambao macho hayauoni, ndio tutakaouita MKAZO. Andikeni neno hilo madaftarini: m-k-a-z-o.

Sasa tutoke kwenye tofali twende kwenye zege. Wengi wenu mmefika Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka kwenye mpaka wetu na Rwanda, karibu na mahali Ruvubu inapoungana nao. Pale pamejengwa kituo cha umeme cha megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zagawana umeme huo sawasawa. Ujenzi wake ulianza mwaka 2017. Kazi kama ile huhitaji zege nene sana, na zege nene lina tabia ambayo mtu anayekoroga saruji ya sakafu ya nyumba yake haioni: hujipasha joto lenyewe bila kuni. Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Katika sakafu nyembamba joto hilo hutoka mara moja likapotea hewani. Katika ukuta wenye unene wa mita nyingi halina pa kutokea, nalo hukaa ndani kwa majuma, miezi, hata miaka. Moyo wa zege waweza kupanda digrii 30 au zaidi, na huku ngozi yake inapigwa na upepo wa usiku. Mambo ni yale yale ya tanuru langu, ila safari hii nyuma ya ukuta kuna maji ya mto mzima.

Ndiyo maana wajenzi wa mabwawa humwaga zege kwa vipimo. Katika ukuta wa Hoover kule Marekani, uliomalizika mwaka 1935, walitandaza ndani ya zege mabomba membamba ya urefu wa zaidi ya kilomita 900, wakapitisha maji baridi kuupoza. Katika Bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, lenye ukuta wa urefu wa mita 131 kwenda juu, zege lilitandazwa kwa matabaka membamba na kushindiliwa kwa magari mazito kama ya barabara. Zege la namna hiyo hutiwa saruji kidogo, na saruji kidogo maana yake joto kidogo.

Lakini mjenzi atajuaje kabla ya kumwaga kwamba ukuta utapasuka au hautapasuka? Hawezi kujenga mmoja wa kujaribia. Hana budi kupiga hesabu.

Na hesabu ya ukuta mzima kwa mara moja haipigiki; umbo lake ni gumu mno. Kwa hiyo wahandisi hufanya kama ule mpango wa nyumba kumi kumi mnaoujua. Hakuna mtu mmoja awezaye kujua habari za kila nyumba ya wilaya, lakini balozi mmoja azijua nyumba zake kumi, na habari zake zaungana na za jirani yake, hata habari za wilaya nzima zikakamilika. Wahandisi nao huukata ukuta katika vipande vidogo vidogo, kwa hesabu tu, si kwa msumeno. Kila kipande kina hesabu nyepesi: kimepata joto kiasi gani, kimempa jirani kiasi gani, kimesogea wapi. Kompyuta huzikusanya hesabu hizo maelfu na maelfu, ikazitatua pamoja.

Jambo la kupendeza ni kwamba njia hii ilipokuwa bado changa, mojawapo ya kazi zake kubwa za kwanza ilikuwa ufa kama huu tunaousema. Huko Arkansas, Marekani, ukuta wa bwawa la Norfork ulikuwa na ufa wa kusimama wima, ulioletwa na mabadiliko ya joto wakati wa ujenzi. Watu waliuliza: Je, ukuta uko salama? Ray Clough, mwalimu wa chuo kikuu cha Berkeley, pamoja na Edward Wilson aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaupigia hesabu kwa vipande, na mwaka 1962 wakaitoa kazi yao mbele ya wataalamu. Tangu hapo njia hiyo imeenea dunia nzima.

Sasa tumefika penye njia panda. Hesabu za ufa wa joto ni mbili: ya kwanza ni ya joto, yaani wapi pana moto na wapi pana baridi, leo, kesho, na mwezi ujao, ya pili ni ya mkazo, yaani wapi panavutwa na wapi panabanwa. Je, tuzipige moja baada ya nyingine, au tuzipige zote kwa pamoja?

Nitaziita HESABU YA ZAMU na HESABU YA PAMOJA.

Fikirini jinsi mnavyotengeneza rubisi. Ndizi huivishwa kwanza shimoni. Zikiiva hutolewa, humenywa, hukamuliwa. Kukamua kwategemea kuiva, kwa maana ndizi mbichi haitoi maji matamu. Lakini kuiva hakutegemei kukamua. Hata ukikamua kwa nguvu namna gani, huwezi kurudi nyuma ukaziivisha zaidi. Basi waweza kumaliza kazi ya shimo kabisa, ndipo uanze ya mtumbwi. Hiyo ni kazi ya zamu.

Zege la bwawa liko hivyo hivyo. Joto huleta mkazo, lakini mkazo haurudi kulibadili joto. Ukuta ukisinyaa kwa milimita moja au mbili, joto litaendelea kupita ndani yake kama kwamba hapana kilichotokea. Kwa hiyo mhandisi hupiga hesabu ya joto peke yake, siku kwa siku, mpaka zege lipoe. Huyaandika majibu yote. Kisha hufungua ukurasa wa pili na kupiga hesabu ya mkazo akiyatumia majibu yale. Mtu mwerevu atauliza: "Lakini saruji yenye joto huungana na maji upesi zaidi, ikatoa joto upesi zaidi. Je, hapo hakuna kurudi?" Kuna kurudi, naam, lakini ni joto kulirudia joto. Yote yamo ndani ya ukurasa wa kwanza.

Sasa tazameni kazi ya namna nyingine. Watu wanapanda mlima wamebeba mgonjwa kwenye machela, kama ilivyo desturi yetu mahali gari lisipofika. Wa mbele akiinuka, uzito wamwendea wa nyuma. Wa nyuma akiyumba, wa mbele avutwa. Huwezi kusema, "Nitahesabu kwanza hatua zote za wa mbele mpaka hospitali, halafu nitahesabu za wa nyuma." Hatua ya huyu imo ndani ya hatua ya yule. Hiyo yataka hesabu ya pamoja.

Na kitu cha namna hiyo chapita mbele yenu kila siku, usiku na mchana: magari makubwa ya mizigo yatokayo Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga. Tuseme gari pamoja na mzigo lina tani 40, na mteremko unashuka mita 200 kwenda chini. Nguvu yote ya kushuka kule, dereva akiizuia kwa breki peke yake, hugeuka kuwa joto magurudumuni. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kalamu: joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya lita 200 za maji ya baridi, yaani yapata madebe 11. Fikirini madebe 11 yakitokota, nanyi mmeyaweka chini ya gari moja, kwa dakika chache tu.

Ndani ya gurudumu la magari mengi ya namna hiyo kuna dramu la chuma linalozunguka, na ndani ya dramu kuna viatu vya breki vinavyosukumwa nje ili visugue dramu na kulizuia. Msuguano huleta joto. Joto hulitanua dramu, nalo likitanuka hukimbia mbali na viatu. Basi viatu havigusi tena kama mwanzo. Dereva hana budi kukanyaga zaidi. Kule anakokanyaga, mahali pa kugusana pamebadilika, na joto nalo limebadilika mahali pake. Mwaona? Joto limesogeza chuma, na chuma kilichosogea kimebadili joto.

Tena kuna ubaya zaidi. Hapana dramu lililo laini kabisa. Pakiwa na sehemu iliyoinuka kidogo sana, hata kuliko unene wa unywele, hiyo ndiyo itakayosuguliwa zaidi. Ikisuguliwa zaidi yapata moto zaidi. Ikipata moto zaidi yavimba zaidi, na kwa kuvimba yajitwalia msuguano wote, huku majirani zake wakipoa. Mwaka 1969 mtaalamu wa Uingereza, J. R. Barber, alichapisha maelezo ya jambo hilo: chuma kikisugua upesi kupita kiasi fulani, madoa ya moto hujizaa yenyewe na kukua. Mafundi wa gereji huyajua madoa hayo. Ukifungua dramu lililoteswa utayaona, rangi ya buluu au nyeusi, na kando yake vijiufa vyembamba.

Na hapa ndipo pana hatari niliyotaja mwanzo. Tuseme mhandisi mvivu, au mwenye haraka kama mimi na tanuru langu, ameipigia breki hesabu ya zamu. Atasema: "Nachukulia kwamba viatu vinagusa sawasawa kila mahali, na vitabaki hivyo." Atapata joto la wastani, limeenea vizuri kama siagi juu ya mkate. Kompyuta itamchorea picha yenye rangi za kupendeza. Haitamwambia, "Bwana, umekosea njia." Kompyuta haioni haya. Picha itaonyesha breki iliyo salama, na ile breki ya kweli itakuwa na doa moja lenye moto mara nyingi kuliko ule wa pichani. Mwenye kulipa kosa hilo si yule aliyeketi mezani. Ni dereva, na utingo wake, na mama anayeuza ndizi mwisho wa mteremko.

"Kama ni hivyo," atasema mtu, "kwa nini wasipige hesabu ya pamoja kila siku, ili wawe salama?" Swali zuri, nami nililiuliza nilipokuwa mwanafunzi. Jibu ni gharama. Kila pembe ya kipande ina jambo moja lisilojulikana la joto, na mambo matatu ya kusogea: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Kwa zamu, unatatua moja moja, halafu tatu tatu. Kwa pamoja, unatatua nne nne. Moja na tatu ni nne, tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba kazi ya kutatua haiongezeki kama idadi. Kwa ile njia ya zamani ya kuyafuta yasiyojulikana kimoja baada ya kimoja, mambo yakizidi mara mbili kazi yazidi mara nane; yakizidi mara nne kazi yawa mara 64. Kwa zamu ni 1 na 27, jumla 28. Kwa pamoja ni 64. Tena katika breki hesabu hiyo hairudiwi mara moja. Hurudiwa kila sehemu ndogo ya sekunde, na kila mara mpaka pande zote mbili zikubaliane. Ukitaka kuifanyia hivyo zege la bwawa kwa miaka yote ya kupoa, utatumia fedha na siku nyingi kupata jibu lile lile ambalo hesabu ya zamu ingekupa.

Wako wengine wanaoshikilia kwamba kila kitu hugusa kila kitu, kwa hiyo pamoja ndiyo haki. Kwa kweli hawasemi uongo. Hata kuvuta chuma tu hukipoza kidogo. Lakini kidogo gani? Chuma kikivutwa kwa nguvu karibu na mwisho wa uwezo wake, hupoa kiasi kisichofika hata nusu ya digrii moja. Mhandisi wa daraja akilipigia hesabu jambo hilo amepoteza wakati wake. Mwenye kupima vifaa maabarani kwa vipimo vya usahihi mkubwa, huyo aweza kulitaka.

Basi swali la kuuliza ni moja, nalo latosha kuulizwa kwa Kiswahili chetu cha kawaida: KITU KIKISOGEA, JE, JOTO LITAPITA NJIA NYINGINE? Kikifungua mwanya, kikigusa kisipogusa kwanza, kikisugua zaidi au kupungua kusugua, jibu ni ndiyo. Kikisogea tu bila kuisumbua njia ya joto, jibu ni hapana.

Iko pia njia ya katikati, nami naipenda. Unapiga hesabu ya joto kwa muda mfupi sana, unaikabidhi kwa mkazo, mkazo unakabidhi habari za kusogea kwa joto, nao unaanza tena, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana michi. Hatua zikiwa fupi, yakaribia kuwa sawa na pamoja. Zikiwa ndefu, michi itagongana.

Wala msifikiri kwamba jibu la kitu halibadiliki. Ukuta wa bwawa ulioanza kwa hesabu ya zamu, ukipata ufa, na maji ya mto yakiingia ndani ya ufa ule na kuupoza moyo wa zege, hapo kusogea kumefungua njia mpya ya joto. Mhandisi yampasa arudi kwenye njia panda na kuuliza swali lile upya.

Sasa shikeni kalamu. Kazi ya juma hili ni mbili, nanyi mtaifanya kwa makundi ya watu wanne wanne.

Ya kwanza. Mmesikia mabati yakilia jioni, jua likizama. Bati la chuma lina urefu wa mita 3, yaani milimita 3,000. Alfajiri lina digrii 15, adhuhuri digrii 55. Chuma hutanuka sehemu 12 katika kila sehemu 1,000,000 kwa kila digrii moja. Bati limeongezeka milimita ngapi? Zidisheni 3,000 kwa 12, kisha kwa 40, kisha gawanyeni kwa 1,000,000. Mkiisha, nendeni mkatazame tundu la msumari katika bati la zamani, mwandike mlichokiona. Tena semeni: je, bati hili lataka hesabu ya zamu au ya pamoja?

Ya pili ni ngumu kidogo. Sufuria jembamba limewekwa juu ya jiko la umeme lenye uso bapa. Likipata moto, kitako chake chapinda na kuinuka katikati, kisiguse jiko pale. Lipigiwe hesabu ipi? Andikeni sababu kwa sentensi tatu, mzilete darasani siku ya somo lijalo. Kwaherini.